Picha Yako Haijasema Yote

Mwanaidi shoga yangu,

Salaam aleikum. Ama baada ya salamu, barua yako imenitia uchungu, hasa pale ulipoandika kwamba daktari alitazama MRI mpya, ile picha ya ubongo wako inayopigwa kwa sumaku, akasema hakuna kovu jipya, na huko kusahau ni mawazo tu. Mimi nakuamini. Ukisema mahesabu ya mwisho wa mwezi, uliyokuwa ukiyamaliza asubuhi moja, sasa yanakula siku nzima, na watu wawili wakisema kwa pamoja hushiki la huyu wala la yule, basi ndivyo ilivyo.

Acha nikueleze picha ile inaona nini na inakosa nini, maana ndiyo kazi yangu hapa Amsterdam.

Wengi wanaijua multipo sklerosisi, huu ugonjwa wako, kama ugonjwa wa sehemu nyeupe ya ubongo, ile iliyojaa mayelini, utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva. Kinga ya mwili inaushambulia, panabaki makovu, na MRI ya kawaida inayaonyesha vizuri. Lakini ugonjwa haukomei hapo. Unaingia hadi kwenye gamba la ubongo, tabaka la kijivu lenye unene wa milimita chache tu, ambalo kufikiri na kukumbuka kunalitegemea sana. Hili si jipya. Mwaka 1962 watafiti Brownell na Hughes wa Uingereza walichunguza ubongo wa marehemu 22 waliokuwa na ugonjwa huu, wakahesabu makovu 1,594. Takriban robo yake yaligusa sehemu ya kijivu au yalikuwa ndani yake.

Makovu haya ya gamba hayaonekani kwa sababu gamba lina mayelini kidogo tangu mwanzo. Hata ikipotea, tofauti ni ndogo mno. Ni kutafuta chumvi iliyomwagika kwenye mchanga wa pwani. Tena mengi hayana uvimbe mkubwa, kwa hiyo ile gadolini, dawa ya kung'arisha picha wanayokudunga mshipani, kwa kawaida haiyafichui. Yanayosumbua kuliko yote yako juu kabisa, chini tu ya utando wa ubongo, yamebanana na maji yanayouzunguka.

Mwaka 2005 mtafiti Geurts na wenzake, hapa hapa Amsterdam, walitumia njia ya MRI inayozima kwa pamoja mng'ao wa maji hayo na wa sehemu nyeupe. Kwenye skrini katikati panakuwa giza, gamba linabaki na mikunjo yake, na palipo na kovu doa jeupe linajitokeza. Baadaye Calabrese na wenzake huko Padova, Italia, wakakuta kwamba wenye makovu mengi ya gamba ndio waliofanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya akili. Hata njia hiyo bado inakosa mengi. Mashine za tesla 7, zenye sumaku yenye nguvu kuliko za kawaida, zinaona zaidi, ingawa nazo si yote. Ndiyo maana nashikilia kwamba ripoti iandike "hatukuona", isiandike "hakuna".

Lakini tafadhali usianze kuuza vitu vyako kutafuta tesla 7. Kwa sasa sioni kama ingebadilisha dawa yako. Dai kipimo kinachohitaji karatasi na saa tu, kinaitwa SDMT. Juu ya karatasi kuna alama tisa, kila moja na tarakimu yake. Chini kuna mistari ya alama hizo hizo zilizochanganywa. Unataja tarakimu zake kwa sauti kwa sekunde 90, wanahesabu ulizopatia. Kinapima kasi ya ubongo, na hiyo kasi ndiyo inayoguswa sana na ugonjwa huu. Wataalamu wanapendekeza kirudiwe kila mwaka, ili ulinganishwe na wewe mwenyewe wa mwaka jana. Usilale vibaya usiku wa kuamkia kipimo, na waambie wakuulize pia kuhusu uchovu na huzuni, maana hivyo navyo vinapunguza kasi, na vina matibabu yake.

Dawa usiache hata siku moja. Kutokuonekana kovu jipya ni habari njema bado. Nilichokataa ni kuambiwa unajisingizia.

Nitumie nakala ya CD ya picha pamoja na ripoti nzima, niangalie walitumia mashine ya nguvu gani na mipango ipi ya picha, nikuandikie maswali ya kwenda nayo kliniki. Mama msalimie sana.

Wako,
Rehema