Nusu ndoo ya maji moto

Mwenzangu mpenzi,

Salamu nyingi sana, na mama umpe shikamoo yangu. Huku sote wazima. Nakuandikia haraka haraka kabla mkono haujachoka, kwa hiyo nisamehe nikiruka salamu nyingine. Za Bibi Mlezi na Mzee wa Redio utazipata huko mwishoni, nikibaki na nguvu.

Mwandiko ukiuona umelala upande usishtuke. Mkono huu umetolewa plasta Jumanne ya wiki iliyopita. Niliteleza kwenye ngazi, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo, tena mkono wa kulia. Wiki sita nzima. Habari ya kuanguka kwenyewe nitakusimulia tukionana, haina uzito.

Yenye uzito ni ile Jumanne. Nilifika nyumbani mkono umekonda, ngozi inabanduka kama rangi ya ukuta mkuukuu, nikaenda moja kwa moja kwenye sinki. Wiki sita nilikuwa nanawa uso kwa mkono mmoja, na hujui mpaka yakukute: mkono mmoja haushiki maji. Unakinga, yanapita vidoleni, yanateremka mpaka kwenye kiwiko, yanayofika usoni ni unyevunyevu tu. Siku hiyo nikaleta viganja viwili, vidole vya mwisho vikabanana, maji yakajaa, yakatulia. Mwanga wa dirisha ulikuwa umo ndani yake, unachezacheza. Nikainama. Paji la uso, macho, mashavu, vyote vikapata maji kwa mara moja. Nikarudia. Nikarudia tena. Nikalia pale pale. Mwanangu mdogo alisimama mlangoni akauliza kama mkono unauma, nikamjibu hapana mwanangu, ni maji haya. Akasema, "Si ni yale yale ya kila siku?"

Ni yale yale, ndiyo.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Jumamosi asubuhi nimetoka bafuni, kichwa kimejaa mambo ya kazi na ada na nani atampeleka mtoto wapi, nikapita mbele ya kioo. Uso unadondoka maji. Nimenawa saa ngapi? Sikumbuki. Mikono yote miwili ilikwisha fanya kazi yake na mimi sikuwapo. Siku nne tu, mwenzangu. Jumanne nalia kwa furaha, Jumamosi hata sijui kama nimenawa. Iliniuma kuliko nilivyotarajia, na tangu siku hiyo nazunguka na jambo hili kama mtu aliyepoteza ufunguo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wazee walisema mazoea yana taabu. Nilidhani walimaanisha mazoea mabaya. Kumbe hata mazuri yana taabu yake: ukishayazoea huyaoni tena.

Siku za plasta sikuwa na kazi zaidi ya kusoma, na nilisoma kweli. Nilikutana na utafiti wa mwaka 1978 wa Philip Brickman na wenzake, huko Marekani. Waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu, fedha nyingi, wakawalinganisha na watu wa kawaida wasioshinda kitu. Waliulizwa pia wanapata raha kiasi gani katika mambo madogo ya kila siku: kuzungumza na rafiki, kusikia kichekesho, kupata kifungua kinywa, kusoma jarida. Walioshinda walisema wanapata raha ndogo kuliko wenzao, na kwa furaha ya jumla hawakuwazidi kwa tofauti ya maana. Nilisimama hapo hapo kwenye "kuzungumza na rafiki". Bahati kubwa ilikuwa imewapunguzia na hilo. Mimi sikushinda chochote, na bado nilikuwa nimejipunguzia mwenyewe, miezi saba.

Ndiyo, nimefika huko. Miezi saba tangu simu ile.

Uliniambia kazi imeisha, baada ya miaka kumi na moja, na barua waliyokupa ilikuwa ya mistari mitatu. Nami nikakujibu nini? "Shukuru una afya." Ukanyamaza, ukasema "sawa", ukakata. Ile "sawa" yako naijua tangu tuna miaka kumi na saba. Nilijiambia una hasira zitapita. Sikukupigia, na kila wiki iliyopita ikafanya kupiga kuwe kugumu zaidi.

Halafu nikavunjika mkono. Wageni walikuja, Mungu awabariki, na karibu kila aliyeketi kwenye kile kiti cha dirishani alisema, "Shukuru haukuwa mguu." Mwingine, "Shukuru haikuwa shingo." Nilikuwa napata maumivu usiku mpaka nauma shuka, siwezi kufunga kifungo, mtoto wa miaka sita ndiye ananivalisha blauzi na kila siku anaanzia kifungo cha pili, na hapo naambiwa nishukuru. Ndipo nikakusikia. Mtu anayekuambia ushukuru mara nyingi anataka mazungumzo yafike mwisho. Machozi yako yanamtaabisha, naye hajui ayaweke wapi. Mimi ndivyo nilivyokufanyia. Sikutaka kusikia mistari mitatu ile ilikuwa inasema nini, wala uliisomea wapi, wala ulitembeaje kutoka pale mpaka nyumbani. Nilikufungia mlango kwa neno zuri.

Nisamehe. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Lakini shukrani yenyewe siitupi, na ndipo ninapovutana na nafsi yangu usiku. Kwa sababu ile ya sinki ilikuwa ya kweli. Hakuna aliyeniamrisha. Ilinijia yenyewe kupitia viganjani, na haikuufuta mkono uliokonda wala siku nilizopoteza. Vyote vilikuwapo pamoja, machozi na maji. Nafikiri tofauti iko hapo. Ukimwambia mtu ashukuru unamtaka ayapige pasi maumivu yake. Akiona mwenyewe kitu kidogo kizuri katikati ya maumivu, maumivu yanabaki na kitu kile kinabaki. Sijui kama nimelisema vizuri. Wewe ndiye uliyekuwa bora kwenye insha.

Kuna utafiti mwingine ningependa uusome siku moja. Robert Emmons na Michael McCullough, mwaka 2003. Waligawa wanafunzi makundi matatu, mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki kumi: hawa waandike hadi mambo matano wanayoyashukuru, hawa waandike kero, hawa waandike tu yaliyotokea. Wa shukrani waliyaona maisha yao kuwa mema zaidi, wakalalamikia maradhi machache zaidi, hata mazoezi ya mwili wakawazidi wale wa kero. Kilichonigusa zaidi ni aina ya mambo waliyoandika. Mmoja aliandika kuamka asubuhi ile. Mwingine aliandika ukarimu wa marafiki. Hayo tu.

Basi nimeanza daftari. Naandika Jumapili jioni peke yake, si kila siku, maana mtafiti Sonja Lyubomirsky na wenzake waliona kwamba walioorodhesha shukrani zao mara moja kwa wiki ndio walionufaika. Walioorodhesha mara tatu hawakunufaika hivyo. Ukilifanya kila wakati nalo linageuka kunawa uso bila kujua. Na sijiruhusu kuandika neno pana kama "familia" au "uzima". Lazima niandike kitu chenye saa na mahali. Jumapili iliyopita niliandika: shuka lililoanuliwa likiwa bado na joto la jua, nikalilalia kabla sijalitandika vizuri. Vifungo vyote vya blauzi, mimi mwenyewe, kuanzia cha kwanza. Kupumua kwa pua zote mbili baada ya mafua ya siku tatu (hilo hatulitajagi kabisa, na ni raha kubwa). Na mvua ya Ijumaa.

Mvua ile ningekupigia simu ningekuwa na ujasiri. Ilinyesha baada ya kiangazi kirefu, na harufu ya udongo ikapanda mpaka chumbani, nikakuona umesimama dirishani bwenini umefumba macho, Bibi Mlezi anapiga kelele tufunge madirisha. Unajua harufu ile ina jina? Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliichunguza wakaipa jina, petrikori. Ni mafuta ambayo mimea huyatoa wakati wa ukame yakanywewa na udongo na mawe, na pamoja nayo kuna kitu kinachotengenezwa na bakteria wa ardhini. Pua ya binadamu inakinusa hata kikiwa kidogo mno, yaani tumeumbwa tukiwa tayari kwa mvua. Miaka yote ile ulisema "inanukia kama nyumbani", tukakucheka.

Nafika kwenye lenyewe sasa, maana mkono umeanza kutetemeka.

Jumamosi ile nilipojishtua mbele ya kioo, nilirudi kwenye sinki nikakinga maji tena, makusudi, polepole. Yalikuwa ya uvuguvugu. Na uvuguvugu ule ukanipeleka mbali. Nusu ndoo. Unakumbuka? Ulikuwa unaamka kabla ya kengele, giza bado, unakwenda kuchukua maji moto kabla hayajaisha, ndoo moja tu, zamu yako. Ukioga unatumia nusu. Nusu nyingine unaifunika kwa beseni lako la bluu lililopasuka ukingo, na juu ya beseni unaweka kandambili moja ili upepo usiifunue. Mimi nateremka kitanda cha juu nimechelewa, nalalamika baridi, naoga maji yako, nakimbilia darasani. Miaka miwili. Sikuwahi kukuambia ahsante. Si kwamba nilidharau. Nilidhani maji moto ya asubuhi ni kitu kilichopo, kama ukuta ulivyopo. Ilibidi nikae wiki sita bila kiganja ndipo nione kwamba kila asubuhi kulikuwa na mtu aliyeoga nusu.

Ahsante. Ahsante kwa nusu ndoo. Ahsante kwa kandambili ile, ambayo lazima ulikuwa unarudi bwenini na mguu mmoja peku kwenye saruji ya baridi, na hilo nimelifikiria wiki hii tu.

Nilisita sana kuandika. Niliona utasema amekosa la kusema anakumbuka ndoo. Kilichonisukuma ni kitu nilichosoma siku za mwisho za plasta: mwaka 2018 Amit Kumar na Nicholas Epley waliwaomba watu waandike barua za shukrani, wabashiri wapokeaji watajisikiaje, kisha wakawauliza wapokeaji wenyewe. Waandishi walidhani barua itamtia mpokeaji haya kuliko ilivyokuwa, na walikadiria kwa kiasi kidogo mno furaha atakayoipata. Walihangaika na maneno, ilhali mpokeaji aliangalia upendo. Nikasema haya, kama ni hivyo, maneno yaende yalivyo na mwandiko uende ulivyo.

Mzee wa Redio anakusalimu, sauti yake imepungua lakini bado anasoma taarifa yote kwa mke wake. Bibi Mlezi nilimwona mwezi wa pili, akanitambua kwa kicheko kabla ya sura. Alikuuliza wewe kwanza.

Na mimi nina yangu ya kuuliza. Ile barua ya mistari mitatu ilisemaje? Uliisomea wapi? Unalala? Umepata chochote, hata cha muda, na kama hujapata, kuna mlango ninaoweza kukugongea? Lile fundo la bega lilikuachia? Mama bado anaimba akifua? Kuna mtu anakupikia siku ambazo huwezi kuamka? Beseni lile liliishia wapi? Mvua imeshanyesha huko, na ulifungua dirisha?

Usijibu yote. Ukiwa bado na hasira niandikie hizo hasira, safari hii nitazisoma mpaka mwisho na sitakuambia neno la kuzifunga. Nimepanga kuja mwisho wa mwezi ujao mkono ukiwa na nguvu ya kubeba begi. Ukisema nisije, sitakuja. Ukisema nije, nitaamka mimi kwanza.

Wako yule yule wa kitanda cha juu