Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetengeneza vito: mteja asilazimike kukuuliza

Mdogo wangu,

Ama baada ya salamu, nakuandikia hadharani kwa sababu tukipigiana simu tunaishia kwenye habari za watoto na wagonjwa, na hili la tovuti yako linabaki kiporo. Tena najua hauko peke yako. Mafundi wengi wa shanga, waya na fedha wana mikono kama yako na tovuti kama yako, nao wasome.

Nianze kwa kukutoa wasiwasi: kazi yako haina kasoro. Anayeziona hereni zako kwenye sikio la mtu huuliza zimetoka wapi. Ila kati ya mtu kupenda na mtu kulipa umeweka safari ndefu, na wengi wanaishia njiani.

Nilipita kwenye tovuti yako kama mgeni asiyekujua. Kuna ukurasa wa hereni za bluu. Picha ni moja, hereni zimelala juu ya kitambaa cha maua hata jicho halijui lishike kipi, na chini pameandikwa: "Hereni nzuri za bluu. Bei njoo inboksi." Basi fikiria mazungumzo yanayofuata, maana unayajua kuliko mimi. "Habari, hizi bei gani?" Kesho yake: "Zipi mpenzi?" Mteja anarudi kutafuta picha, anatuma. "Hizo zimeisha ila naweza kukutengenezea." "Zina urefu gani?" "Za kati." "Hazitanidhuru masikio?" Hapo wewe uko kwenye koleo na moto, simu iko mbali. Ukija kujibu usiku, yeye kashanunua kwa mtu mwingine, na pengine kitu kibovu kuliko chako.

Kwa hiyo usianze kwa kumtafuta fundi wa tovuti, wala usibadilishe rangi. Anza na meseji zako za zamani. Zisome zote, na kila swali lililojirudia uliandike kwenye daftari. Swali linalojirudia maana yake kuna sentensi inayokosekana kwenye ukurasa wako. Ukimaliza utakuwa na orodha ya kazi ambayo hakuna mtaalamu angeweza kukuandikia.

Bei najua ndiyo itaongoza. Na hoja yako naijua: ukiiweka wazi, washindani wataiona na wateja watakimbia. Mshindani anayetaka kujua bei yako anaweza kuandika meseji kama mtu yeyote. Na mteja wa kukimbizwa na bei angekimbia hata huko inboksi, ila wewe ungekuwa umeshapoteza nusu saa. Weka bei. Kwa vitu vya kuagiza maalumu andika "kuanzia" na useme kinachoipandisha: aina ya jiwe, uzito wa fedha, idadi ya herufi.

Vipimo navyo. "Za kati" si kipimo. Hereni ipimwe kwa milimita kuanzia kwenye kulabu hadi ncha ya chini, na andika uzito wa hereni moja kwa gramu, kwa sababu mtu ambaye tundu lake limeshavutwa na hereni nzito anaangalia hilo kabla ya rangi. Mkufu useme urefu na unapofikia: sentimita 40 unakaa shingoni, 45 unaangukia kwenye mtulinga, ule mfupa ulio chini ya shingo, 50 chini yake kidogo, 60 unafika kifuani. Ongeza kwamba shingo hazifanani, na kama kifungio kina pete za kuongezea urefu, zitaje. Kwa mkufu inatosha.

Pete ndiyo inayokula faida yako, ndiyo maana naikalia. Mteja anaandika "saizi 7" na wewe unaanza kukata waya, bila kujua anahesabu kwa kipimo cha nani. Saizi 7 ya Marekani ina kipenyo cha ndani cha kama milimita 17.3. Uingereza wanatumia herufi. Sehemu kubwa ya Ulaya wanaandika mzunguko wa ndani kwa milimita, kwa hiyo pete hiyohiyo kwao ni kama 54. Tofauti ya saizi moja nzima ya Kimarekani ni kama milimita 0.8 tu ya kipenyo. Ndiyo inayoamua kama pete itapita kwenye kifundo cha kidole au itarudi kwako kwa posta. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa pete uliza mzunguko kwa milimita. Saizi za nchi ziweke pembeni kwenye jedwali kwa anayezitaka.

Kisha mfundishe kupima, kwa maneno mafupi na picha. Asitumie uzi, uzi unavutika. Akate ukanda mwembamba wa karatasi, auzungushe kidoleni, aweke alama ncha zinapokutana, aupime kwa rula. Apime jioni mwili ukiwa na joto, si asubuhi ya baridi, maana kidole husinyaa kwa baridi na kuvimba kwa joto. Kama kifundo chake ni kinene kuliko shina la kidole, apime vyote viwili na achukue kipimo kilicho katikati. Pete pana hubana kuliko nyembamba, kwa hiyo kwa zile zako za milimita 8 mwambie aongeze nusu saizi. Ukimwekea karatasi ya kuchapisha yenye duara za saizi, chora juu yake mstari wa milimita 85.6. Huo ndio urefu wa kadi ya benki popote duniani. Aweke kadi yake juu ya mstari. Visipolingana, mashine imepunguza au imekuza karatasi, na duara zote ni uongo.

Sasa malighafi, na hapa sina utani. Umeandika "fedha" kwenye kila kitu, na "dhahabu" kwenye vitu ambavyo mimi na wewe tunajua vimechovywa dhahabu kwa juu tu. Mteja akigundua baadaye, hatarudi kukugombeza. Ataenda kusema kwa wengine. Ziandike zilivyo. Fedha ya 925 ni fedha sehemu 925 kwa 1000, na zinazobaki kwa kawaida ni shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini mno kwa pete ya kuvaliwa kila siku. Dhahabu ya karati 18 ni asilimia 75 dhahabu, ya karati 9 ni asilimia 37.5. Kilichochovywa kiitwe kilichochovywa, na useme juu ya nini: juu ya fedha ni jambo moja, juu ya shaba ni jingine, na unene wa utandu wenyewe wa dhahabu hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Aliyekuchovyea atakuambia ni mikroni ngapi, na kama hajui, badilisha mtu. Mwambie mteja pia kwamba utandu huchujuka, na kwamba huwahi kuchujuka kwenye pete kuliko kwenye hereni, kwa kuwa pete inasuguana na dunia nzima.

Andika na yale yanayowatia watu hofu wasivyoambiwa. Fedha huingia weusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani na jasho la mwili, na weusi huo hauna maana kwamba ni feki, husuguliwa ukatoka. Shaba inaweza kuacha rangi ya kijani kwenye ngozi, nayo huoshwa kwa sabuni. Lulu hazipendi manukato, kwa hiyo marashi kwanza, lulu mwisho. Na kuhusu masikio: kinachowasumbua wengi ni madini ya nikeli. Ulaya wameiwekea sheria, kwamba kinachopita ndani ya tundu la sikio kisitoe zaidi ya mikrogramu 0.2 za nikeli kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Huna maabara nyumbani, lakini muuza kulabu wako anapaswa kukupa karatasi inayosema zimetengenezwa kwa nini. Usipopewa, usiandike "salama kwa aleji". Andika tu kilichomo.

Picha nitapita haraka, una jicho zuri ukitulia. Toa kile kitambaa cha maua. Fedha ni kioo, itaonyesha shati lako, simu yako na dari, kwa hiyo piga karibu na dirisha, pazia jeupe likiwa katikati ya jua na meza, na flashi izimwe. Kila kitu kipate picha chache zenye kazi tofauti: kizima, kikiwa mwilini, upande wa nyuma wenye kifungio, na kikiwa kiganjani ili ukubwa uonekane. Ya mwilini ndiyo wengi wanaikosa kwako. Kisha zipunguze kabla ya kuzipandisha. Picha inayotoka kwenye simu ina megabaiti kadhaa, na ukurasa wako wa bangili unazo nyingi za namna hiyo. Kwenye mtandao wa kusuasua mtu anaona miraba myeupe na anaondoka. Upana wa pikseli 1600 unamtosha anayetaka kukuza kuona jiwe, na faili isizidi kilobaiti 300.

Tufike kwenye oda yenyewe. Vitu vyako vingi ni kimoja kimoja, havina pacha, na mfumo wako haujui hilo. Idadi iwe 1, na kitu kiondoke chenyewe kikishalipiwa. Vile unavyoweza kurudia vitengwe waziwazi: "kipo tayari" upande huu, "nitakutengenezea" upande ule, kila kimoja na muda wake. Muda huo uugawe mara mbili. Siku za kutengeneza ni zako, siku za usafirishaji ni za msafirishaji, na ukizichanganya utalaumiwa kwa ucheleweshaji usio wako. Jiwekee siku unazoweza hata wiki ambayo mtoto anaumwa. Marekani wana kanuni kwa wanaouza kwa mtandao: usipotaja muda, unahesabiwa umeahidi kutuma ndani ya siku 30, na ukichelewa lazima umjulishe mteja na umpe nafasi ya kufuta oda na kurudishiwa pesa. Hata pasipo na kanuni hiyo, ni ustaarabu unaopaswa kuufuata.

Fomu yako inauliza tarehe ya kuzaliwa. Ya nini? Uliza jina, mahali pa kupeleka, namba ya simu ya atakayepokea, na njia ya kumtumia risiti. Usimlazimishe kufungua akaunti kwa ajili ya hereni. Kwa mikufu ya majina weka kisanduku cha pekee kinachosema "andika jina herufi kwa herufi, kama unavyotaka lisomeke", na lile aliloandika lirudiwe kwenye meseji ya kuthibitisha, peke yake kwenye mstari wake. Aisha na Aysha ni waya tofauti, na ukishaukata umeukata. Mpe saa 24 za kusahihisha kabla hujaanza, na umwambie hivyo.

Akishalipa, asiachwe gizani. Meseji tatu zinatosha: nimepokea, nimeanza kutengeneza, nimetuma na namba ya kufuatilia ni hii. Hiyo ya katikati ukiweza itume na picha ya kazi ikiwa mezani nusunusu. Duka kubwa haliwezi kumpa mtu kitu kama hicho, wewe unacho kila siku na unakitupa.

Kuhusu kurudisha, amua na uandike. Katika Umoja wa Ulaya, aliyenunua mtandaoni ana siku 14 za kubadili mawazo bila kueleza sababu, lakini kitu kilichotengenezwa kwa maelekezo yake hakimo humo. Mgawanyo huo unakufaa na wewe: kilichokuwa tayari kinarudishika, chenye jina la mtu hakirudi isipokuwa umekosea wewe. Hereni zilizokwisha kuvaliwa zisirudi, kwa usafi tu. Kubadilisha saizi ya pete, sema mapema nani analipia usafirishaji.

Na tafadhali, usipokee picha ya kadi ya benki ya mtu kwa meseji, hata akikutumia mwenyewe. Ifute, mwelekeze kwenye ukurasa wa malipo wa kampuni inayoshughulikia hayo. Zile tarakimu tatu za nyuma, kanuni za kampuni za kadi haziruhusu muuzaji azihifadhi baada ya malipo kuidhinishwa, na simu yako inashikwa na kila mtoto wa nyumba ile.

Ule muziki unaojipiga wenyewe tovuti ikifunguliwa, sitausemea. Utoe.

Huwezi kuyafanya yote kwa mara moja na oda zinakusubiri. Anza na ukurasa wa pete, kwa sababu ndio unaokurudishia mzigo, kisha bei, kisha malighafi. Picha zifuate taratibu kila unapomaliza kitu kipya. Ukurasa wa pete ukiwa tayari nitumie kiungo, usinieleze chochote. Nitampa shemeji yako anunue kwa simu yake ile ya zamani, kwa pesa zake, nami nitakaa pembeni niandike kila mahali atakaponiuliza "sasa hapa nifanyeje?" Kisha nitakutumia orodha hiyo.

Wasalaam,
dada yako