Umeme ukikatika nchi nzima, msimtafute mhujumu kwanza

Mhariri,

Tahariri yenu ya Jumanne ilidai kwamba umeme ukizimika mikoa mingi kwa mpigo, basi ipo hitilafu kubwa inayofichwa. Nimefundisha fizikia miaka 31; naomba kubisha.

Darasani nilikuwa nachora kwa chaki vyumba 64 sakafuni, wanafunzi wakidondosha kete za bao mojamoja. Chumba kikifikisha kete nne kinazigawa, moja kwa kila jirani. Jirani naye akijaa, anagawa. Kete za vyumba vya pembezoni zinatoka nje. Mchezo huo waliuandika wanafizikia Bak, Tang na Wiesenfeld mwaka 1987, wao wakisema rundo la mchanga. Kete moja, mkono uleule: mara haifanyi kitu, mara inaleta poromoko, chumba kikijaza chumba, hadi sakafu nzima inavurugika.

Kisha nawaambia wagawe kwa vyumba vya kubahatisha, hata vya kona ya mbali. Hapo ndipo penye utamu. Poromoko la majirani hurudi likikanyaga nyayo zake. La mbali hukuta vyumba vipya kila mara, kama ukoo usiooana wenyewe kwa wenyewe. Sakafu ikiwa kubwa vya kutosha, poromoko kubwa mara 10 kuliko jingine hutokea pungufu mara 32 hivi. Mtasema ni nadra. Lakini ni nani mlimwona mrefu mara 10 ya mwenzake? Kwenye urefu wa watu jitu kama hilo halipo kabisa; kwenye maporomoko lipo.

Umeme si kete, najua. Laini ikizimwa, mzigo wake hukimbilia njia zilizobaki, hata za mbali. Usiku wa tarehe 4 Novemba 2006, Ujerumani walizima laini ya kilovolti 380 inayovuka mto Ems ili meli mpya ipite. Meli tu! Nusu saa baadaye gridi ya Ulaya ilikuwa vipande vitatu, kaya kama milioni 15 gizani, na hata waya unaopita chini ya bahari kati ya Hispania na Morocco ukajizima.

Sasa tuna laini ya kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida. Siipingi, mabwawa yakikauka tutaishukuru. Ila mwandishi wenu akienda kwa wahusika, asiulize nani kahujumu. Aulize: masafa ya umeme (idadi ya mizunguko yake kwa sekunde) yakishuka upande mmoja wa mpaka, ni kifaa gani kinachotutenganisha, baada ya sekunde ngapi, na mtaa wa nani unakatwa kwanza? Na zile katika-katika ndogo za kila wiki, za nguzo moja au transfoma moja, mzichapishe pia, na idadi ya nyumba zilizokosa umeme, maana poromoko dogo na kubwa ni mchezo uleule.

Mwalimu mstaafu,
Tanga