Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Michezo: Wanafunzi wetu waijue Ngome ya Mombasa

Mheshimiwa Waziri,

Natanguliza salamu na heshima. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Jinja, Uganda. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni na kitahiniwe, nasi walimu tulifurahi sana. Lakini wanafunzi wengi wanatoka katika nyumba ambamo Kiswahili bado kinahesabiwa kuwa lugha ya kambi za jeshi. Wanatuuliza wenyewe wa lugha hii ni akina nani. Ngeli na nyakati haziwezi kuwajibu.

Ninaomba historia ya Fort Jesus, ngome ya kisiwa cha Mombasa, iingizwe katika masomo ya Kiswahili.

Wareno waliijenga juu ya mwamba wa matumbawe kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati, ili mizinga yao ilinde mlango wa bandari ya kale. Hayo vitabu huyasema. Kinachopitwa haraka ni mambo ya mzingiro wa Waomani, ulioanza Machi 1696 na kwisha Desemba 1698. Maradhi yaliwamaliza waliokuwa ndani kuliko risasi. Ikafika wakati mwaka 1697 Wareno wa ngomeni wakawa wamekufa wote, na amri ikashikwa na Bwana Daud wa Faza, Mswahili, akiwa na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hao ndio waliozilinda kuta zile mpaka msaada ulipofika Septemba. Wanawake 50, Mheshimiwa! Ningependa kila msichana wa darasa langu asome habari zao kwa Kiswahili, kisha abishane na wenzake: kwa nini Bwana Daud alisimama upande wa Wareno, wakati Waswahili wengine walikuwa na Waomani?

Baadaye walikuja Wamazrui, ukoo wa Waarabu wenye asili ya Omani uliotawala Mombasa, kisha Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, mwaka 1837. Waingereza waliigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Historia hii inatuhusu. Reli iliyoitwa ya Uganda ilianza kujengwa kisiwani humo mwaka 1896, na mpaka leo sehemu kubwa ya mizigo yetu hushukia Mombasa. Hata hapa tuna ngome zetu: Patiko ya mpelelezi Mwingereza Samuel Baker kule Acholi, na ile ya Lugard, afisa wa Kiingereza, kwenye kilima cha Old Kampala. Zingefaa kusomwa pamoja.

Safari ya Mombasa ni ghali kwa wazazi wetu. Kwa hiyo naomba Wizara izungumze na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, picha na ramani za ngome ziletwe kwenye Makumbusho ya Uganda pale Kitante, pamoja na nakala za vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697. Wataalamu wa mitaala walioko Kyambogo wakihitaji matini ya kusomwa darasani, sisi walimu tuko tayari kuiandika.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili, Jinja