Mate yaliyopimwa Marekani hayawezi kutuambia kabila letu

Kwa Mhariri,

Mwezi wa Agosti mwaka jana, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye kwa desturi za kwetu ni mwanangu, alituma katika kundi la WhatsApp la ukoo matokeo ya kipimo cha DNA alichofanyiwa Marekani anakofanya kazi. Alitema mate ndani ya kichupa, akakipeleka posta, na baada ya wiki kadhaa akaletewa ramani ya Afrika iliyopakwa rangi, pamoja na hesabu: asilimia 78 “Wabantu wa Afrika Mashariki”, na karibu yote iliyosalia “Waniloti”, kundi ambamo Waluo huhesabiwa. Chini ya ramani hiyo akaandika: “Wazee, kumbe sisi si Waluo. Mwacha asili ni mtumwa.”

Ningenyamaza, kwa kuwa ugomvi wa ukoo si habari ya gazeti. Hata hivyo, binamu yetu mmoja amependekeza kwamba karatasi hizo zichapishwe na kuwekwa mbele ya wazee wanaosikiliza mzozo wetu wa shamba, ili zionyeshe nani ni mwenyeji na nani ni jadak, yaani mtu wa kukaribishwa. Nimefundisha biolojia kwa miaka 31 katika shule za upili za Nyanza na Magharibi, na naona ni wajibu wangu kueleza ni kwa nini kipimo hicho hakina jibu la swali wanaloliuliza.

Sisi ni watu wa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Viktoria, na hakuna mzee kisiwani asiyejua kwamba Abasuba, yaani sisi, hawakuja pamoja na Waluo. Simulizi zetu husema kwamba wazee wetu walitoka Buganda katika karne ya 18, wakikimbia fujo zilizofuata kuuawa kwa Kabaka, wakavuka ziwa kwa mitumbwi na kukaa Rusinga, Mfangano na upande wa Gwassi. Lugha yao ilikuwa ya Kibantu. Baadaye waliwaoa mabinti wa Kiluo, wakafanya biashara na Waluo, watoto wakasoma shule zilizotumia Dholuo, lugha ya Waluo, na leo Olusuba, lugha yetu ile ya Kibantu, ni lugha ya wazee wachache. Mambo hayo yote nyanya yake mwanangu angemweleza bila kulipwa hata senti moja ya dola.

Tuje kwenye sayansi yenyewe. Kila mtu hupokea nusu ya DNA yake kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba, lakini nusu hizo hukatwa na kuchanganywa upya katika kila kizazi, kama karata zinavyochanganywa kabla ya kugawanywa. Ukirudi nyuma vizazi kumi, ambavyo ni kama miaka 300, yaani kuukaribia wakati wa mitumbwi ile, hesabu inakupa nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Si lazima wawe watu 1,024 tofauti, maana kisiwani watu huoana wakiwa na wazee wamoja bila kujua. Katika nafasi hizo, takriban nusu tu ndizo zilizokuachia kipande chochote cha DNA. Hao wengine ni wazazi halali wa wazazi wa wazazi wako, na bila wao usingezaliwa, lakini hakuna maabara inayoweza kuwaona ndani ya mate yako.

Nitaulizwa juu ya kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume karibu bila mabadiliko, na juu ya DNA ya mitokondria, ambayo mama huwapa watoto wake wote. Ni kweli kwamba njia hizo mbili zinaweza kufuatwa kwa maelfu ya miaka. Lakini kila moja ni uzi mmoja katika kitambaa kipana. Babu yetu aliyeshika kasia akitoka Buganda, tukimfuata kwa kromosomu Y, anakalia nafasi moja kati ya zile 1,024, na mwanangu amempa kura zote za ukoo kana kwamba wanawake waliompikia, waliomzalia na waliomfundisha Dholuo walikuwa wapita njia.

Wasomaji wa gazeti hili wana mfano ulio karibu zaidi, yaani lugha hii tunayoandikiana. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kama vile Mtwapa, Manda na Kilwa. Ilionekana kwamba asili ya Kiajemi waliyokuwa nayo wengi wao ilitoka hasa kwa akina baba, na asili ya Kiafrika ikatoka kwa kiasi kikubwa zaidi kwa akina mama. Masimulizi ya Washirazi, kwamba wazee wao walitoka Uajemi, ambayo baadhi ya wasomi walikuwa wameyapuuza, yakapata ushahidi. Hata hivyo, watoto wa ndoa hizo walizungumza Kiswahili, lugha ya Kibantu, na wakawa Waswahili. Maabara ilieleza nani alimwoa nani. Haikueleza watoto walijiita nani.

Sasa nifike kwenye zile asilimia, maana hapo ndipo watu wengi hudanganyika. DNA haina herufi zilizoandikwa “Mluhya” au “Mkisii”. Kampuni hukilinganisha kila kipande cha DNA yako na DNA ya watu iliowaweka katika makundi, kisha hukisia kundi ambalo kipande hicho kinafanana nalo zaidi. Je, watu hao waliwekwaje katika makundi? Kwa kuulizwa. Mradi mkubwa wa kimataifa wa kusoma DNA yote ya watu, ulioitwa “Jenomu 1,000”, ambao matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2015, ulikuwa na watu 2,504 kutoka jamii 26, na katika hizo jamii ya Kenya ilikuwa moja tu: Waluhya wa Webuye, watu 99. Waliitwa Waluhya kwa sababu wao wenyewe walijitambulisha hivyo. Sina neno baya juu ya utafiti huo, kwani ulikuwa wa manufaa makubwa. Lakini mtu akiletewa karatasi inayosema anafanana na Waluhya, ajue kwamba amelinganishwa na majirani wachache wa mji mmoja, na kwamba jina lenyewe lilitoka mdomoni mwao, halikutoka katika chembe za damu.

Na jina hilo lina umri gani? Babu wa watu hao wa Webuye angekuambia kwamba yeye ni Mbukusu, na wa Vihiga angekuambia ni Mmaragoli au Mnyore. Jina Luhya, kwa maana ya watu wote hao kwa pamoja, lilienea katika miaka ya 1930 na 1940, pale viongozi wao walipoona kwamba jamii ndogo ndogo hazisikizwi na serikali ya kikoloni. Jina Kalenjin nalo lilishika katika miaka hiyo ya 1940. Watiriki, wanaohesabiwa kuwa Waluhya, walichukua jando na marika yao kutoka kwa Waterik, ambao ni Wakalenjin. Katika sensa ya 2019 Waluhya walikuwa zaidi ya milioni 6.8, na sidhani kuna mwenye akili timamu atakayewaambia hawapo kwa sababu jina lao halijatimiza miaka 100. Serikali nayo, mnamo Julai 2017, iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 nchini, baada ya Wamakonde kuwa ya 43. Hakuna aliyetemeshwa mate.

Waluo wenyewe, ambao mwanangu anadhani ametengwa nao na asilimia 78, hawana damu ya mkondo mmoja. Mwaka 2009 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa jamii 121 za Afrika, na Waluo wa Kenya, ingawa lugha yao ni ya Kiniloti, walionekana kuwa na sehemu kubwa ya asili inayofanana na ya majirani wao wasemao lugha za Kibantu. Kwa mtu wa Kisumu hilo si ajabu. Mluo haoi katika ukoo wake, na kwa karne nyingi wake wametoka ng’ambo ya kilima na ng’ambo ya mto. Kwa mantiki ya mwanangu, basi, hata Alego na Kano Waluo wa kweli ni wa kutafutwa kwa tochi.

Nilipokuwa darasani nilipenda kutumia mfano wa selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za kandokando ya ziwa zinaufahamu kwa machozi. Chembe ya urithi inayousababisha, ikitoka kwa mzazi mmoja tu, humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Ikitoka kwa wazazi wote wawili, humwuguza. Kwa hiyo imeenea kwa Waluo na kwa Waluhya wa maeneo yenye mbu, na ni adimu kwa jamii za nyanda za juu zenye baridi. Wanafunzi walitaka kujua ni chembe ya kabila gani. Niliwajibu kwamba inamfuata mbu, na mbu haulizi mtu jina la baba yake.

Sisemi kwamba DNA haifai. Ikiulizwa kama mtu fulani ni baba wa mtoto fulani, hujibu kwa uhakika unaotosheleza mahakama, na humtambua maiti asiyetambulika kwa macho. Kadiri swali linavyosogea mbali kwenye vizazi, ndivyo jibu linavyogeuka kuwa makadirio. Linapokuwa swali la kabila, si swali la maabara tena. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mahakama zetu zilibishana hadi Mei 1987 kuhusu mahali pa kumzika, mjane wake Mkikuyu akivutana na ukoo wake wa Kiluo, na miongoni mwa waliotoa ushahidi walikuwamo mchimba kaburi na profesa wa falsafa. Sikuipenda hukumu iliyompeleka Nyalgunga, nyumbani kwa ukoo wake, kinyume cha matakwa ya mjane wake, lakini angalau mashahidi waliulizwa alivyozaliwa, alivyoishi na alivyozika wazazi wake. Na vijana waliofunga barabara katika ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, hapa kwetu na kule Nakuru, walitazama jina kwenye kitambulisho na kusikiliza lafudhi. Kabila walilokuwa wakilitafuta lilikuwa hapo, wala si mahali pengine.

Ndiyo maana nimewaomba wazee wetu wazikatae karatasi hizo katika kesi ya shamba, na wasikilize, kama walivyozoea, ushahidi wa nani alifyeka pori, nani alizikwa wapi na nani alishuhudia mpaka ukiwekwa.

Wiki mbili zilizopita mwanangu alituandikia tena. Kampuni ile imeongeza watu katika makundi yake ya kulinganishia, ikapiga hesabu upya juu ya mate yale yale, na asilimia 78 imeshuka hadi 64. Ameweka ramani mpya kundini, safari hii bila methali.

Mwalimu mstaafu,
Mamboleo, Kisumu