Shukrani kwa dada wa benchi la kusubiri

Dada, jina lako sikuuliza. Nilikuwa nimekuja kliniki siku moja nzima baada ya miadi yangu, funguo nimezishika mkononi huku nazisaka mfukoni, nikajitukana kwa sauti: "Mzembe mimi!" Ukacheka, kisha ukaniuliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa: "Uko hivi tangu utotoni?"

Tangu utotoni. Madaftari yaliyoishia ukurasa wa tatu, sufuria zilizoungua nikiwa hatua mbili tu kutoka jikoni (bado zinaungua). Ukanieleza kwamba huenda ni ADHD, tatizo la kukosa umakini na utulivu, nalo halizuki ukubwani: daktari hutafuta dalili zilizoonekana kabla ya miaka 12. Tena kukosa usingizi, wasiwasi au hitilafu ya tezi ya shingo huweza kufanana nalo, kwa hiyo nisijipachike ugonjwa mwenyewe. Ukachana karatasi, ukaandika: "Njoo na ripoti za shule, au mtu aliyekulea."

Karatasi ile, ajabu, sijaipoteza. Mama amezipata ripoti tatu, na zote zinasema juu yangu: "Ana akili ila hatulii." Miadi ni Alhamisi. Nimetega kengele nne. Asante sana, dada.