Sogeza safari siku tano mbele

Dunda, Bagamoyo

Swahiba,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, tunakula upepo wa kusi tu. Nimefurahi kusikia ruhusa ya kazini umepewa, ila tarehe uliyochagua ya safari yetu ya kupiga picha mto Wami, hifadhi ya Saadani, siitaki. Nimetazama mwezi: siku hiyo utakuwa nusu, maji mafu yasiyopwa sana, na asubuhi mto utakuwa unajaa. Utarudi Dodoma na picha za mikoko mitupu.

Sogeza siku tano mbele, hata ikiangukia katikati ya wiki. Mwezi mwandamo ukifika kumi na mbili bamvua, maji ya kujaa na kupwa sana, linakaribia, na bahari hupwa kiasi cha saa mbili, saa tatu asubuhi. Tukiingia Wami mapema tutateremka na maji yanayotoka, na kadiri yanavyopungua ndivyo matope yanavyobaki wazi kule karibu na mlango wa mto. Hapo ndipo mamba hupanda kuota jua, na ndege wa miguu mirefu hushuka kudonoa kaa. Maji yakigeuka, nasi tunageuka. Najua utasema mambo ya kuhesabu mwezi ni ya wazee. Muulize nahodha yeyote wa huku.

Kiboko usimngoje atoe kichwa ndipo uinue kamera. Zitatangulia pua, kisha masikio, na yakishatoka tu huyazungusha upesi kupukuta maji. Yale matone yakipigwa na jua la asubuhi ndiyo picha niitakayo mimi, nayo hupita kabla hujamaliza bismillahi. Akizama anaweza kukaa dakika 5 hivi, basi mkono usichoke. Na tafadhali usimbembeleze nahodha asogee. Kiboko mwenye mtoto hana utani.

Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani, kwenye boti ni mzigo tu. Shona mfuko wa kitambaa, utie mchele nusu, tuulaze ukingoni na lenzi juu yake. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde. Bora picha iwe na chengachenga kuliko mdiria, yule ndege mla samaki, awe ukungu. Yule mweusi na mweupe husimama hewani akipiga mbawa kabla ya kujitupa majini, kwa hiyo mlenge akiwa bado juu. Lenzi ikiingia chumvi usiifute kavu, utaikwaruza. Lowesha kitambaa kwa maji matamu kwanza.

Droni nayo iache. Hifadhini hairushwi bila kibali, na sina hamu ya kushinda getini nikijieleza. Nguo zisiwe za bluu wala nyeusi, maana Saadani kuna mbung'o (ndorobo) na rangi hizo wanazipenda mno. Mikono mirefu, kaki, basi. Kitambulisho cha taifa usisahau, tulipe kiingilio cha Mtanzania.

Tutapitia Msata, tuvuke daraja la Wami, kisha Mandera tuingie barabara ya vumbi. Tulale Saadani kijijini ili asubuhi isitukimbie.

Jambo moja tu linanitia wasiwasi: mvua za milimani. Wami unashuka kutoka Ukaguru na Nguru. Kukinyesha huko, sisi huku tunaletewa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nitampigia nahodha siku mbili kabla. Wewe nijibu kabla ya Ijumaa niweke nafasi ya boti, na uniambie kama shemeji anakuja, maana chakula ananunua yeye.

Wasalaam,
Mwenzio wa Dunda